Champ, Gipsy na Wanunuzi wa Pili

Historia ya magari aghalabu huandikwa kutoka upande wa mwenye kiwanda, kwa hiyo huanza kwenye ubao wa msanifu na kwisha siku gari linapotoka langoni likiwa na rangi mpya. Walakini umri ulio mrefu zaidi wa gari, na hasa gari lililoumbwa kwa ajili ya matope, mawe na mito, huanza siku mwenye kulinunua kwanza anapochoka nalo au anaposhindwa nalo, akalitoa kwa mtu wa pili, naye huyo baada ya miaka kadhaa akalitoa kwa wa tatu. Katika mikono hiyo ya baadaye ndimo gari linamopimwa kwa mizani iliyo sawa, maana mnunuzi wa pili hasomi matangazo: huinama akachungulia chini ya fremu, kama anunuaye ng'ombe mnadani afunuavyo kinywa akahesabu meno. Nimechagua kueleza habari za magari mawili ya Uingereza, Austin Champ na Austin Gipsy, ambayo majina yake hayasikiki sana katika nchi zetu za Afrika Mashariki, ambamo Land Rover ilijulikana kwa bwana shamba, kwa mmisionari na kwa askari wa wanyamapori. Nimeyachagua kwa sababu nasadiki kwamba hukumu iliyotolewa juu yake ilikuwa haki kwa upande mmoja na dhuluma kwa upande wa pili, na kwamba asili ya hukumu hiyo haikuwa katika nguvu za injini bali katika biashara ya kuuziana magari yaliyokwisha tumika.

Vita vya pili vya dunia vilipokwisha, majeshi yalibakiwa na jeep nyingi mno, kwa kuwa Willys na Ford walikuwa wametengeneza zaidi ya 600,000 katika miaka michache, na wakati wa amani haukuwa na haja nazo zote. Zikauzwa, na wakulima wa Uingereza wakazipokea kwa furaha, wakazifunga tela, wakazitumia kupeleka maziwa na kondoo mahali ambapo trekta lilichelewa na gari la kawaida lilizama. Mmoja wa wenye jeep hizo alikuwa Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, aliyeitumia katika shamba lake la kisiwa cha Anglesey, pwani ya Wales. Na kila alipoifikiria siku ambayo jeep ile itamfia, hakuona gari la Kiingereza litakaloishika nafasi yake. Basi naweza kusema kwamba Land Rover ilizaliwa kutokana na mashaka ya mnunuzi wa pili, mtu aliyeshika mali kuukuu ya jeshi akajiuliza atashika nini baada yake. Ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, ikauzwa kwa pauni 450, na kwa kuwa feleji ilikuwa ikigawiwa kwa kibali katika Uingereza ya siku zile, bodi yake iliundwa kwa mchanganyiko wa aluminiamu, ambao ulipatikana kwa wepesi zaidi. Madini hayo yalichaguliwa kwa dhiki, lakini ndiyo yaliyokuja kuamua mashindano ya miaka 20 iliyofuata.

Wakati Rover walipokuwa wakiunda gari lao kwa haraka na kwa akiba ndogo, Wizara ya Vita ya Uingereza ilikuwa na azma kubwa zaidi. Ilitaka jeep ya Kiingereza itakayoipita ile ya Marekani kwa kila sifa, na majaribio yalianza mapema katika kampuni ya Nuffield, ambako Alec Issigonis, yule ambaye baadaye alisanifu gari dogo la Mini, alishughulika na gari la majaribio lililoitwa Gutty. Baada ya mageuzi mengi kazi ya kulitengeneza kwa wingi ilipewa kampuni ya Austin, na mwaka 1951 magari ya kwanza ya Champ yakaanza kutoka Cofton Hackett, jirani na kiwanda kikuu cha Longbridge, kusini ya Birmingham. Mtu akilitazama gari hilo bila ya kujua bei yake hana budi kulistaajabia. Kila gurudumu lilikwenda peke yake, likishikwa na nondo ya feleji iliyojisokota badala ya springi. Injini ilikuwa ya Rolls-Royce, aina ya B40, yenye silinda nne. Umeme wake ulikuwa wa volti 24, na vifaa vyote vya umeme vilifungwa visiingie maji, hata gari likiinuliwa bomba lake la kuvutia hewa liliweza kuvuka mto wenye kina cha futi 6. Tena lilikuwa na gia tano za kwenda mbele, na kwa sababu wenzo wa kugeuza mwendo ulifanya kazi katika kasha la ekseli ya nyuma, gia hizo hizo tano zilitumika vile vile kwa kurudi nyuma, ili dereva aliyekutana na adui katika njia nyembamba aweze kukimbia kinyumenyume kwa kasi ile ile aliyojia.

Hayo yote yalikuwa na thamani yake, na thamani hiyo ilikuwa karibu mara mbili ya Land Rover. Jeshi lilikuwa limekwisha nunua Land Rover nyingi kwa kuzisubiria Champ, nalo likaona kwamba gari lile jepesi la mkulima lilifanya sehemu kubwa ya kazi zilizokusudiwa, na kwamba askari wa kawaida aliweza kulitengeneza kwa spana chache. Zaidi ya Champ 11,000 zilikuwa zimekwisha kabidhiwa jeshini wakati utengenezaji uliposimamishwa katikati ya miaka ya 1950, na tangu hapo Land Rover ikawa ndiyo gari la kawaida la kikosi. Toleo la kiraia, lililotiwa injini ya Austin A90 badala ya ile ya Rolls-Royce, lilipata wanunuzi wachache tu nchini Uingereza, na sehemu kubwa ya magari hayo ilisafirishwa ng'ambo, hasa Australia, ambako jeshi nalo lilikuwa na Champ zake na mashamba yalikuwa makubwa kuliko wilaya.

Hapa ndipo wengi waandikao habari za Champ hufunga kitabu, nami ndipo ninapoona jambo linaanza. Katika miaka ya 1960 jeshi lilianza kuzitoa Champ kwa mamia, na njia yao kuu ilikuwa mnada wa Ruddington, katika kaunti ya Nottinghamshire, bohari kubwa ambako kwa miaka mingi serikali iliuza magari, matela na kila aina ya zana ambazo haikuzihitaji tena. Desturi ya minada ya namna hiyo ilikuwa nzito kwa mnunuzi. Magari yalipangwa safu kwa safu, yakabandikwa namba, watu wakaruhusiwa kuyatazama kabla ya siku ya kuuza, kisha yakauzwa kama yalivyo, bila ya dhamana, na mara nyingi bila ya mtu kusikia injini ikinguruma. Waliojitokeza walikuwa wa tabaka mbili: wafanyabiashara waliochukua magari mengi kwa mkupuo, wakayapeleka viwanjani mwao kuyapaka rangi na kuyauza moja moja kwa faida, na watu wa kawaida, wakulima, wenye gereji za vijijini, vijana waliopenda milima, ambao kila mmoja alitaka gari moja kwa bei ya chini kuliko Land Rover iliyochakaa.

Mnunuzi wa Champ alinunua hazina na deni kwa pamoja. Hazina ilikuwa injini yake, kwa maana Rolls-Royce walikuwa wamesanifu jamii nzima ya injini za B, ya silinda nne, sita na nane, zikishirikiana pistoni, vali na vitu vingi vya ndani. B60 ya silinda sita iliendesha gari la deraya la Ferret, na B80 ya silinda nane iliendesha Saracen na Saladin, hivi kwamba maadamu magari hayo ya vita yalikuwa kazini, vipuri vya Champ havikukauka, navyo viliuzwa katika masanduku ya mbao vikiwa bado vimefungwa kwa karatasi ya mafuta. Deni lilikuwa uzito wake, ulaji wake wa petroli, na ule umeme wa volti 24 ambao haukukubaliana na betri, taa wala dainamo ya gari lolote jingine la kijijini. Alipoharibikiwa na kasha la ekseli ya nyuma, lenye gia za kugeuza mwendo ndani yake, hakuwa na fundi wa karibu aliyepata kulifungua. Alikuwa na kitabu cha jeshi, kilichoandikwa kwa uangalifu wa kupendeza, kikidhani kwamba msomaji wake ana karakana ya kikosi na askari watatu wa kumsaidia.

Pamoja na hayo magari yale yaliishi, na mimi nawaheshimu watu walioyafanya yaishi. Kuna mafundi waliojifunza Champ kwa kununua mbili ili waendeshe moja, wakaivunja ile mbovu zaidi, wakaweka vipande vyake katika rafu za banda, na kwa miaka kadhaa wakawa ndio bohari la wilaya nzima. Mwenye kuharibikiwa alikwenda kwao kabla ya kwenda kwa mwenye duka. Biashara hiyo ya kuvunja na kugawana iliziokoa Champ nyingi na kuziua nyingi, na ndiyo sababu zilizobaki leo ni sehemu ndogo ya zile 11,000.

Austin hawakukata tamaa. Tangu mwaka 1952 walikuwa wameungana na Nuffield kuwa British Motor Corporation, shirika lililokuwa kubwa kuliko Rover kwa kila kipimo, na viongozi wake waliona uchungu kuwaachia Rover, watu wa Solihull, soko la dunia nzima la magari ya mashambani. Mwaka 1958 wakaleta Gipsy. Kwa umbo ilifanana na Land Rover hata mtu wa mbali aliweza kukosea, na urefu wa inchi 90 baina ya ekseli zake ulikuwa wa kundi lile lile. Lakini chini ya bodi ilikuwa na fikira tofauti kabisa. Kila gurudumu lilishikwa na mkono wake, na kila mkono uliishia katika bomba lililojazwa mpira ulioshikamana na chuma, ambao ulijisokota gari lilipopanda jiwe na kujirudi lilipoteremka. Mfumo huo uliitwa Flexitor. Haukuhitaji grisi, haukupiga kelele, na ulimpa dereva na abiria raha ambayo Land Rover ya miaka ile, iliyokalia springi zake ngumu za vipande vya feleji, haikuweza kuwapa. Injini ilikuwa ya petroli ya lita 2.2, au ya dizeli kwa aliyetaka, nazo zote mbili zilikuwa za kawaida na za kutegemewa. Mwaka 1960 likaongezwa gari refu, la inchi 111 baina ya ekseli, kwa wenye mizigo.

Mtu aliyeijaribu Gipsy mpya pamoja na Land Rover mpya katika barabara ya mashimo angeweza kwa haki kuichagua Gipsy, na sioni sababu ya kuwacheka walioichagua. Kosa halikuonekana siku ya kwanza wala mwaka wa kwanza. Bodi ya Gipsy ilikuwa ya feleji, kwa kuwa ugawaji wa vita ulikuwa umekwisha na Austin walikuwa na mashine za kukandamiza mabati kwa bei nafuu. Na katika nchi ambayo mvua hainyeshi bali hukaa, ambamo barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi na mashamba ya pwani hupigwa na upepo wa bahari, feleji hiyo ilianza kutoboka katika sakafu, katika pembe za milango na chini ya viti, wakati bodi ya jirani yake wa aluminiamu ilikuwa imepondeka tu. Fremu ya Land Rover nayo ilikuwa ya feleji na ilipata kutu vile vile, jambo ambalo wapenzi wake hulisahau, lakini fremu haionekani na mpita njia, na bodi huonekana.

Mpira nao una umri. Uliopakizwa mizigo mizito miaka kumi hulegea, gari likainama upande mmoja, na kuurekebisha hakutaki nyundo na moto bali sehemu mpya kutoka kiwandani. Kinyume chake springi ya vipande iliyovunjika hufunguliwa na mhunzi, hutiwa kipande kipya, ikafungwa tena kabla ya jioni. Fauka ya hayo, gurudumu linalokwenda peke yake huinuka ndani ya bodi gari linapojazwa, na tumbo la gari likakaribia ardhi, ilhali ekseli iliyo nzima hubaki na nafasi yake ile ile juu ya mawe, gari liwe tupu au limejaa magunia. Wakulima waliligundua hilo kwa uzoefu, na Austin walilisikia: tangu miaka ya mwanzo ya 1960 walianza kuzifunga Gipsy springi za vipande, hatua ya busara iliyolinyima gari lao kile kilicholitofautisha.

Sasa tufikirie hesabu ya mfanyabiashara wa magari makuukuu, mtu ambaye historia haimtaji kwa jina lakini ambaye uamuzi wake ulikuwa na uzito kuliko wa wakurugenzi. Mbele yake zilisimama Land Rover na Gipsy za umri mmoja na kazi moja. Ya kwanza alijua ataiuza kabla ya mwezi kwisha, kwa kuwa kila mnunuzi alikuwa na ndugu au jirani mwenye nyingine, na kila gereji ilikuwa na vipuri vyake. Ya pili ingeweza kukaa uwanjani msimu mzima, ikimezwa na kutu machoni pake. Kwa hiyo alimpa mwenye Gipsy bei ya chini, si kwa chuki, bali kwa kujilinda. Mwenye Gipsy alirudi nyumbani na habari hiyo, jirani aliyetaka kununua gari jipya akaisikia, naye akaona kwamba tofauti ndogo ya bei dukani italipwa maradufu siku ya kuuza, akaenda kwa Rover. Hivyo bei ya gari la zamani iliamua mauzo ya gari jipya, na uchache wa magari mapya ukazidi kuishusha bei ya yale ya zamani. Mwaka 1966 Land Rover ya 500,000 ilitoka Solihull. Gipsy zote zilizotengenezwa tangu mwanzo hata mwisho wake zilikuwa zaidi kidogo ya 21,000.

Wala isidhaniwe kwamba wanunuzi wa pili walikuwa wajinga wa kufuata jina. Walikuwa na insafu. Aliyeishi mbali na bahari, akaitunza Gipsy yake ghalani, akaipaka mafuta chini kila kabla ya majira ya baridi, alipata gari zuri kwa fedha kidogo, na wengi walifanya hivyo kwa miaka mingi pasipo majuto.

Mwisho ulikuja kwa sababu za nje ya matope na mawe. Rover walikuwa wameingia mikononi mwa Leyland mwaka 1967, na mwaka uliofuata Leyland wakaungana na jamii ya Austin kuwa British Leyland. Nyumba moja ikajikuta ina magari mawili ya kazi moja, na hapakuwa na haja ya kushauriana kwa muda mrefu. Gipsy ikasimamishwa mwaka huo huo wa 1968. Kwa bahati iliyowaongezea wenye Gipsy mzigo, mwaka huo huo serikali ya Uingereza ilivunja vikosi vyake vya akiba vya zimamoto na ulinzi wa raia, ambavyo vilikuwa vimepewa Gipsy kadhaa, na baada yake magari yao yakaanza kufika mnadani: magari yaliyotembea maili chache sana, yaliyolala chini ya paa, yaliyong'arishwa na askari wa hiari kila juma. Aliyekuwa na Gipsy yake ya shambani na akataka kuiuza akakutana sokoni na ndugu zake hao walio safi kuliko yake na kwa bei isiyomwachia nafasi. Kwa upande wa pili, magari hayo ya vikosi ndiyo yaliyodumu, na aghalabu Gipsy nzuri inayoonekana leo katika maonyesho ya magari ya kale ilianza maisha yake katika rangi ya serikali.

Baada ya hapo magari haya yakawa mayatima, kwa maana ya kwamba hakuna kiwanda kilichoyajibia tena. Injini ya Gipsy iliendelea kupata vipuri kwa sababu ndugu zake zilikuwa katika magari mengine ya Austin; sehemu za bodi na zile za mpira zilitoweka kwanza. Wenyewe wakakusanyika katika vyama, wakabadilishana anwani, wakaagiza kwa pamoja vitu ambavyo mtu mmoja asingeweza kuvigharimia, wakaandika namba za fremu katika madaftari ili ijulikane ni zipi zilizosalia. Kwa juhudi hizo bei imepanda, ingawa haijafika mahali pa Land Rover za zamani, ambazo leo hununuliwa na matajiri wasio na shamba. Muuzaji mwenye dini humweleza mnunuzi kwanza habari za sakafu, kisha za mikono ya mpira, kisha za kasha la ekseli akiwa na Champ, na habari za injini huziacha mwisho, kwa kuwa injini ndiyo iliyo rahisi.

Kitu cha mwisho anachokiuliza mnunuzi mwenye maarifa ni daftari. Kabla ya mwaka 1974 kila gari la Uingereza lilikuwa na daftari lake dogo, ambamo majina ya wenye gari yaliandikwa moja chini ya jingine, yakagongwa muhuri na halmashauri ya kaunti kila umiliki ulipohama. Kisha kumbukumbu zikahamishiwa ofisi moja ya Swansea, na mwezi Novemba 1983 mlango wa kuziingiza namba za zamani ukafungwa. Magari yaliyokuwa yamelala maghalani siku zile, na Champ na Gipsy zilikuwa miongoni mwa hayo, yakapoteza namba zake katika kumbukumbu za serikali. Mwenye daftari la zamani anaweza, kwa ushahidi wa chama kinachotambuliwa, kuomba namba yake irudishwe, na asiye nalo hupewa nyingine ya umri unaolingana. Namba iliyorudishwa kwa njia hiyo haihamishwi kwenda gari jingine wala haiuzwi peke yake, basi anayeinunua Gipsy ya namna hiyo huichukua pamoja na namba yake na majina yote ya waliomtangulia.